Usidanganywe na sindano za kurudisha ujana

KUZEEKA si ugonjwa, lakini siku hizi kuna wafanyabiashara wanaouza tiba yake. Tiba yenyewe ni sindano. Ndani ya kichupa kidogo mna unga mweupe ambao huchanganywa na maji maalumu, kisha mnunuzi hujidunga mwenyewe chini ya ngozi ya tumbo, siku baada ya siku, kwa majuma kadhaa. Huambiwa kwamba dawa hiyo, ambayo ni ya jamii ya peptidi, itazuia seli za mwili wake kuchakaa, itarudisha misuli, itanyoosha ngozi na kumwongezea miaka ya kuishi.

Biashara hii ilishika kasi huko Marekani na Ulaya, na matangazo yake sasa humfikia yeyote mwenye simu, awe Nyeri, Kakamega au Mombasa. Wanaolengwa hasa ni watu wa makamo walio na akiba kidogo: mfanyakazi anayekaribia kustaafu, mama ambaye watoto wake wako ng'ambo, au mfanyabiashara anayehisi kwamba nguvu alizokuwa nazo zimeanza kumtoroka.

Maoni yangu ni haya, msomaji: usinunue. Sisemi hivyo kwa sababu elimu ya peptidi ni ya uongo. Nasema hivyo kwa sababu unachouziwa hakijapimwa kwa binadamu ipasavyo, ilhali njia iliyopimwa na kuthibitika kuwaongezea wazee nguvu iko nyumbani kwako, wala hakuna anayeitangaza.

Shanga katika uzi

Kwanza tufahamu peptidi ni kitu gani. Chukua mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi. Kila ushanga ni kiungo kiitwacho asidi amino. Uzi ukiwa mrefu na wenye shanga nyingi, hiyo ni protini, kama ile iliyo katika nyama, maharagwe na mayai. Uzi ukiwa mfupi, huitwa peptidi. Mwili wako hutengeneza peptidi za aina nyingi kila siku, na huzitumia kupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Baadhi ya peptidi ni dawa ambazo zimeokoa mamilioni ya watu. Insulini ina shanga 51. Iligunduliwa mwaka wa 1921 na Frederick Banting na Charles Best mjini Toronto, Canada, na mnamo Januari 1922 ikadungwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari. Oksitosini ina shanga tisa tu. Hiyo ndiyo sindano ambayo wakunga wetu humdunga mama mara tu mtoto anapozaliwa, ili asivuje damu hadi kufa.

Kwa hivyo muuzaji anapokuambia kwamba peptidi ni vitu vya asili na kwamba madaktari huvitumia, hasemi uongo. Ujanja wake uko kwingine. Anachukua sifa ya insulini na oksitosini, ambazo zimepimwa kwa miaka mingi, na kuipaka bidhaa ambayo haijapimwa. Ni kama mtu akuuzie uyoga wa porini kwa kukueleza kwamba ule wa dukani huliwa.

Madai kuhusu seli

Wauzaji hupenda kuzungumza kuhusu seli, na hapa pia huanza na ukweli. Mwaka wa 1961, Leonard Hayflick wa Marekani alionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa katika maabara hugawanyika takriban mara 50, kisha husita. Baadaye ilijulikana kwamba ncha za kromosomu, ziitwazo telomea, hufupika kila seli inapogawanyika. Telomea ni kama pindo la leso: likiisha, nguo huanza kufumuka. Iligunduliwa pia kwamba kuna kimeng'enya kiitwacho telomerasi ambacho hurefusha pindo hilo. Kwa kazi hiyo, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2009.

Kutokana na elimu hiyo, peptidi iitwayo epitaloni ikapata soko. Ina shanga nne tu, na ilitokana na kazi ya Vladimir Khavinson na wenzake wa St. Petersburg, Urusi. Inadaiwa kwamba huiamsha telomerasi na hivyo kuzifanya seli kuwa changa tena. Hata hivyo, ushahidi wenyewe umetoka zaidi katika vyombo vya maabara na kwa wanyama, na sehemu kubwa yake imetoka kwa kundi lile lile lililoibuni. Majaribio makubwa ya wazi, ambapo watafiti wengine wasio na maslahi huwapa nusu ya watu dawa na nusu maji matupu kisha wakawafuatilia kwa miaka, hayajafanywa.

Isitoshe, kuna jambo ambalo tangazo haliwezi kukueleza. Zaidi ya asilimia 80 ya saratani za binadamu hutumia telomerasi hiyo hiyo ili seli zake ziendelee kugawanyika bila kikomo. Mtu wa miaka 60 anaweza kuwa na seli chache zilizoharibika ambazo mwili wake umezidhibiti bila yeye kujua. Sisemi kwamba epitaloni huleta saratani. Nasema kwamba dawa yoyote inayodai kuamsha kimeng'enya hicho ilipaswa kuchunguzwa kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa kwa mtu hata mmoja.

Wanaume 21

Aina nyingine ya sindano hizi, kama vile ipamorelini na CJC-1295, huichochea tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ili itoe homoni ya ukuaji kwa wingi. Asili ya biashara hii inajulikana vyema, na inafaa kila msomaji aielewe.

Mnamo Julai 1990, Daktari Daniel Rudman wa Marekani alichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wanaume 21 wenye umri wa miaka 61 hadi 81. Kumi na wawili walidungwa homoni ya ukuaji mara tatu kwa juma kwa muda wa miezi sita. Wale tisa waliosalia hawakudungwa. Waliodungwa walipungua mafuta kwa takriban asilimia 14, na uzani wa mwili usio mafuta ukaongezeka kwa karibu asilimia tisa. Watu walishangilia. Kliniki za kurudisha ujana zikachipuka kama uyoga, na hata miaka mingi baadaye makala hiyo ilikuwa ikitajwa katika matangazo.

Swali ambalo halikujibiwa ni hili: je, wazee hao walipata nguvu zaidi? Mwaka wa 1996 watafiti wa San Francisco walilijibu. Waliwachunguza wanaume 52 wenye afya, wa umri wa miaka 70 hadi 85. Misuli ya waliodungwa iliongezeka kweli, lakini uwezo wao wa kufanya kazi za kawaida haukuongezeka. Walichopata zaidi ni kuvimba miguu na kuumwa na viungo. Mwaka wa 2007 wataalamu walikusanya tafiti zote za aina hiyo walizoziona kuwa za kutegemewa, wakakata kauli kwamba homoni hiyo haifai kutumiwa kuzuia uzee. Faida ilikuwa ndogo na madhara yalikuwa mengi.

La kushangaza ni kwamba huenda ukweli uko upande wa pili kabisa. Kusini mwa Ecuador kuna jamii ya watu wafupi sana ambao, kwa sababu ya kasoro ya kurithi, miili yao haiisikii homoni ya ukuaji. Matokeo ya kuwafuatilia takriban watu 100 wa jamii hiyo kwa miaka 22 yalitangazwa mwaka wa 2011. Hakuna hata mmoja aliyepata kisukari, na saratani ilikuwa nadra mno. Panya wenye kasoro kama hiyo huishi muda mrefu kuliko wenzao. Sasa jiulize: kwa nini mzee alipe pesa nyingi ili aongeze kitu ambacho waliokikosa wameepuka magonjwa mawili makuu ya uzeeni?

Wazee wa Boston

Mwaka huo huo wa 1990, mwezi mmoja tu kabla ya makala ya Rudman, kulichapishwa utafiti mwingine ambao haukuzaa kliniki hata moja. Daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwaendea wazee kumi dhaifu katika makao ya wazee mjini Boston. Umri wao ulikuwa miaka 86 hadi 96. Hawakudungwa chochote. Walifundishwa kunyanyua uzani kwa miguu, mara tatu kwa juma, kwa majuma manane.

Mmoja alishindwa kumaliza. Wale tisa waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zilivyokuwa. Wawili kati yao waliacha kutumia mkongojo. Mwaka wa 1994 watafiti hao walirudia kazi hiyo kwa wazee 100 wenye wastani wa umri wa miaka 87. Waliofanya mazoezi walipata nguvu na wakatembea kwa kasi zaidi. Waliopewa kinywaji chenye virutubishi pekee, bila mazoezi, hawakubadilika.

Tazama tofauti, msomaji. Sindano iliongeza misuli isiyoleta nguvu. Mazoezi yaliwapa nguvu watu waliokaribia miaka mia. Lakini tangu mwaka huo ni sindano iliyotangazwa duniani kote, kwa sababu sindano ina mwenyewe anayepata faida. Kuinuka kitini hakuna mwenyewe. Hapo ndipo methali yetu inapotufaa: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tatizo ni kwamba siku hizi kibaya hujitembeza hadi mfukoni mwako, ndani ya simu yako.

Hatari iliyo ndani ya kichupa

Hadi hapa nimechukulia kwamba kichupa kina kile kilichoandikwa nje. Mara nyingi huwezi kuwa na hakika hiyo. Vingi vya vichupa hivi huuzwa vikiwa na maandishi kwamba ni vya utafiti wa maabara pekee na si vya kutumiwa na binadamu. Maandishi hayo hayamlindi mnunuzi. Humlinda muuzaji siku mambo yanapoharibika.

Mwaka wa 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliziweka peptidi kadhaa, zikiwemo epitaloni, ipamorelini na ile iitwayo BPC-157, katika orodha ya vitu vinavyoweza kuhatarisha usalama wa wagonjwa vikichanganywa na maduka ya dawa. BPC-157, ambayo husifiwa kuponya misuli na kano, imefanyiwa majaribio zaidi kwa panya. Mwanariadha wetu akikutwa nayo mwilini atapigwa marufuku, kwa kuwa ilitiwa katika orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni mwaka wa 2022.

Hata peptidi halali huigwa. Mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa bandia ya semaglutidi, inayojulikana kama Ozempic, iliyokuwa imepatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi hizo tajiri ziliingiliwa, sisi tuna kinga gani? Shirika hilo lilikadiria mwaka wa 2017 kwamba katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani, takriban dawa moja kati ya kumi ni duni au bandia. Ongeza hapo kichupa kilichosafirishwa kwa mabasi juani, maji ya kuchanganyia yasiyo safi, na sindano moja inayotumiwa na mume na mke. Jipu na viini katika damu havihitaji utafiti wa miaka kumi ili vijulikane.

"Pesa ni zangu"

Najua kuna watakaosema: pesa ni zangu, mwili ni wangu, na kila dawa ilianza kwa kujaribiwa na mtu. Hoja hii ina uzito, na inastahili jibu.

Kujaribiwa kuna utaratibu wake, na sisi Wakenya tunaufahamu. Chanjo ya malaria ilipojaribiwa kati ya mwaka wa 2009 na 2014, zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba za Afrika walishiriki, wakiwemo wa Kilifi na Siaya. Wazazi walielezwa na kutia sahihi. Watoto walifuatiliwa na wauguzi, wakapimwa na kutibiwa, na kamati ya maadili ikasimamia. Hakuna mzazi aliyelipia chanjo hiyo. Ilikuwa mwaka wa 2021 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza itumike kwa wingi.

Linganisha hayo na mtu anayejidunga chumbani. Analipa yeye, hakuna anayempima, hakuna anayeandika kilichompata, na akidhurika, wa baada yake hatajua. Huyo hashiriki katika utafiti wowote. Anapata hatari yote ya mtu anayejaribiwa dawa, wala elimu haiongezeki hata chembe.

Tena pesa hizo zina kazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Shinikizo la damu lisilotibiwa huharibu mishipa, figo, moyo na ubongo. Ikiwa kuna kitu kinachozeesha mwili wa Mkenya kabla ya wakati, basi ni hicho. Dawa zake zipo, zimepimwa, na nyingi ni za bei nafuu. Ni jambo la kusikitisha mtu kununua kichupa cha ujana ilhali hajui presha yake ni ngapi.

La kufanya

Basi ufanye nini? Anza kwa kupima presha na sukari katika zahanati iliyo karibu nawe. Kama umeandikiwa insulini au dawa nyingine, usiiache kwa sababu ya makala hii wala kwa sababu ya tangazo la mtu.

Kama unavuta sigara, acha. Daktari Richard Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50 na kuonyesha mwaka wa 2004 kwamba mvutaji hupoteza takriban miaka kumi ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 50 aliokoa takriban miaka sita, na aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa takriban mitatu. Hakuna peptidi iliyowahi kuonyesha matokeo kama hayo kwa binadamu.

Kisha fanya mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 za kutembea kwa haraka au kazi kama hiyo kila juma, na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili. Huhitaji vyuma. Keti kwenye kiti imara, kunja mikono kifuani, inuka na uketi bila kujishikilia. Fanya mara kumi, pumzika, urudie. Ikiwa huwezi, shikilia meza hadi miguu izoee. Kwa mikono, nyanyua pakiti ya unga ya kilo mbili. Uzito uongezwe kadiri nguvu zinavyoongezeka, kwa maana ndivyo walivyofanya wale wazee wa Boston. Mwenye maradhi ya moyo azungumze na daktari wake kwanza. Kula maharagwe, ndengu, omena, mayai au maziwa, ili misuli ipate cha kujijengea. Na ulale vya kutosha: homoni ya ukuaji unayouziwa, mwili hutoa kwa wingi wakati wa usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, bila malipo.

Kwa walio ng'ambo au mjini wanaotaka kuwatumia wazazi wao zawadi ya afya, nawasihi wasitume kichupa. Mlipie mama kiti kizuri kisichoyumba, viatu visivyoteleza, na nauli ya kwenda kupimwa kila mwezi. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, maisha yake hubadilika siku hiyo hiyo. Miguu yenye nguvu ndiyo inayomzuia asianguke.

Serikali nayo isikae kimya. Kila dawa inayouzwa nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Bodi iwaeleze wananchi waziwazi, kwa Kiswahili na kupitia redio, ni peptidi zipi zimesajiliwa na zipi hazijasajiliwa, na iwafuate wanaouza zile zisizosajiliwa.

Ukikutana na muuzaji kabla ya hayo kufanyika, muulize maswali manne. Dawa hii imesajiliwa na Bodi chini ya nambari gani? Ilijaribiwa kwa watu wangapi, na kwa muda gani? Nikidhurika usiku wa manane nimpigie nani? Na wewe unapata kiasi gani kwa kila kichupa? Akishindwa kulijibu hata moja, mwache aende na kichupa chake, nawe uinuke kitini mara kumi.